Maziwa ya Kopo Niliyoyapeleka Rufiji

Makopo ya maziwa ya unga na chupa za kunyonyeshea vilivyofika katika kijiji kimoja cha Bonde la Rufiji wakati wa mafuriko ya mwaka 2024, ni mimi niliyevipeleka. Bango lililofungwa ubavuni mwa lori lilikuwa na jina la kikundi chetu cha akina mama, lakini wazo lilikuwa langu na tangazo la kuomba michango niliandika mimi. Mwenzetu mmoja alipopendekeza tununue mafuta ya kula na sufuria, nilimkatalia mbele ya watu, nikamwambia hana uchungu na watoto. Maziwa yale yaliwadhuru watoto. Na mama mmoja akatwishwa lawama iliyokuwa yangu, nami nimekaa papo hapo nasikia, nikanyamaza.

Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 ziliungana na masika, na kufikia mwishoni mwa Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa ameliambia Bunge kwamba watu 155 wamefariki nchini na waathirika ni zaidi ya laki mbili. Rufiji na Kibiti, maji yalifunika mashamba ya mpunga na mahindi yakiwa yanaelekea kuvunwa. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya nacho kikapiga pwani. Upo mjadala mrefu kuhusu Bwawa la Julius Nyerere na maji yaliyofunguliwa, nawaachia wanaoujua. Haya yangu yanahusu yaliyofuata baada ya maji kufika.

Kwa upande wa mama mimi ni mtu wa huko, na nimekua nikisikia habari za maji. Bibi yangu alilelewa bondeni, enzi watu wakilala kwenye madungu kulinda mpunga, kabla ya mafuriko ya 1968 na operesheni iliyowahamishia watu sehemu za juu katika vijiji vya ujamaa. Maji ya kawaida Rufiji ni riziki. Yakishuka yanaacha udongo mbichi, watu wanapanda mlau, mahindi na kunde na maboga, kwa unyevu uliobaki, na kwenye mabwawa wanavua kambale na perege. Lakini maji makubwa kama ya 2024 yanaondoka na vyote kwa mkupuo: akiba ya ghalani, mbegu, kuku, sufuria, jembe. Mtu mzima anaweza kula ugali wa muhogo kwa chumvi akasubiri mlau ukomae. Mtoto wa miezi minane hana hiyo miezi ya kusubiri. Mwili na ubongo wake vinajengwa katika siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, na kilichopungua hapo hakirudi chote baadaye. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Hiyo ni hesabu ya nchi nzima, hata kule ambako mto haukuvunja kingo.

Haya nilikuwa nikiyajua juujuu, kama anavyoyajua mtu anayesikiliza redio akiwa kwenye foleni. Nilichokuwa nikikiamini kwa moyo wote kilitoka nyumbani kwangu. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 ilipokwisha nilirudi kazini, na mwanangu wa kwanza akaanza maziwa ya kopo. Alinona. Kila aliyekuja alimsifu. Tangu hapo, kwangu mimi, maziwa ya kopo yakawa ndiyo chakula cha mtoto anayetunzwa vizuri. Sikuwahi kujiuliza ni nini kingine kilichokuwa kikimlinda: jiko la gesi, maji ya bomba tuliyoyachemsha, friji, dada wa kazi aliyechemsha chupa kila asubuhi, na mshahara wa kununua kopo jingine kabla la kwanza halijaisha.

Kwenye tangazo niliandika kwamba akina mama wa Rufiji hawajala, maziwa yamewakauka, watoto wanalia njaa. Hakuna mtu wa Rufiji aliyeniambia maneno hayo. Niliyatunga, kwa kuwa niliona haiwezekani hali iwe vinginevyo, nikaweka na picha ya kichanga niliyoipata mtandaoni. Michango ilimiminika kwenye simu yangu kuliko mchango wowote niliowahi kuusimamia. Watu wanatoa haraka kwa ajili ya mtoto anayelia, na mimi nilijua hivyo nilipokuwa nikiichagua ile picha.

Ukweli ambao mkunga yeyote angenieleza kama ningempigia simu ni kwamba mama mwenye njaa bado anatoa maziwa, labda awe amedhoofu kupita kiasi. Hofu na uchovu vinaweza kuyachelewesha kushuka kwa muda. Dawa yake ni mtoto kuendelea kunyonya, na mama kupata mahali pa kukaa kwa utulivu, maji salama ya kunywa na sahani ya chakula. Aliyetakiwa kulishwa ni mama. Sisi tulimruka.

Tuligawia kwenye uwanja wa shule ya msingi ambako familia zilikuwa zimehifadhiwa kwenye mahema na madarasani. Foleni ilikuwa ya heshima. Wanawake walikuwa wamejifunga khanga zilizolowa, wengine bado na tope kwenye vifundo vya miguu, na kila mmoja alipopokea alisema ahsante. Mmoja wao, binti wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amempakata mtoto wa kiume wa miezi mitatu. Mtoto alikuwa ananyonya palepale kwenye foleni, mkono wake mdogo umeshika ukingo wa khanga, mashavu yamejaa. Nilimpa makopo mawili na chupa. Akaviangalia, akaniuliza, "Dada, haya nampa lini, na mwenyewe ananyonya?"

Nikamjibu, "Mpe tu, mdogo wangu. Umechoka, nawe upumzike. Haya yana kila kitu."

Kopo la gramu 400, ukifuata kipimo kilichoandikwa kwenye kopo lenyewe, mtoto wa miezi mitatu analimaliza kwa siku tatu au nne hivi. Makopo mawili ni wiki moja hivi. Mama yeyote mwenye akili akiona limebaki nusu, na hajui kama litakuja jingine, atapunguza kijiko. Vijiko vinne vinakuwa viwili, viwili vinakuwa kimoja. Maji yanabaki na weupe, chupa inajaa, mtoto anashiba maji. Maji yenyewe yalikuwa ya visima vilivyoingiliwa na mafuriko yaliyopitia vyooni. Kuni zilikuwa mbichi, familia zinapokezana mafiga, na zamu yako ikifika unapika chakula cha watu sita. Huwezi kuchukua moto huo ukachemshia chupa.

Mtoto akaanza kuharisha. Utumbo unaoharisha haufyonzi chakula, na mtoto anayeharisha anapoteza hamu ya kula, kwa hiyo anapungua kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na akishapungua anakuwa mwepesi kushikwa na ugonjwa unaofuata. Kama angekuwa ananyonya tu, maziwa ya mama yake yangempa chakula na kinga kwa pamoja, bila kuni na bila kisima. Lakini ziwa hutoa kadiri linavyonyonywa. Mtoto aliyejazwa chupa hanyonyi sana, ziwa nalo linapunguza. Makopo yalipokwisha, yule binti alimrudisha mwanawe kifuani akakuta maziwa ni kidogo. Yaani lile nililolitunga kwenye tangazo, kwamba maziwa yamekauka, lilikuwa uongo siku nilipoliandika. Wiki chache baadaye likawa kweli, na aliyelifanya kweli ni mimi.

Nilirudi kijijini mwezi wa nane. Nakiri kwamba sikurudi kuwatazama watoto. Nilirudi kupiga picha za kuwaonyesha wachangiaji. Nilimuuliza mwenyeji wangu habari za yule binti mwenye mtoto aliyenona, akanipeleka kwao. Nikamkuta mtoto amelala kwenye mkeka, ngozi ya mapaja imelegea, nywele zimepauka rangi. Alinitazama bila kutabasamu wala kulia. Ile chupa ilikuwepo. Ilikuwa imening'inizwa kwa kamba kwenye nguzo ili watoto wakubwa wasiichezee, na sasa ilikuwa inawekwa uji mwepesi uliochujwa. Pale kifuniko kinapojifungia palikuwa na utando wa njano ulioganda, na ndani ya chuchu ya mpira kulikuwa na chembe za mchanga. Niliifungua ikanuka uji uliochacha. Na ilikuwa imeoshwa asubuhi ileile. Mama mwenyewe alinionyesha alivyoiosha, kwa uangalifu, kwa maji ya ndoo. Chupa ya aina ile haitakati bila burashi na maji yanayochemka. Burashi hatukupeleka.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa kibarazani. Nilimwamkia, tukaulizana hali, kisha akaniambia, binti akisikia, kwamba mtoto amebemendwa. Kwa wasioijua imani hii: inasemwa kwamba mama akikutana na mwanamume kabla mtoto hajaacha ziwa, au akipata mimba nyingine, maziwa yake yanaharibika na mtoto anakonda. Mume alikuwa mjini akitafuta kibarua tangu shamba lizame, kwa hiyo neno lile lilibeba tuhuma nzito kuliko kawaida. Bibi huyo alikwisha kumkataza binti asimpe mtoto hata hicho kidogo kilichobaki kifuani, maana ndicho kinachomuua. Majirani wawili waliokuwepo wakaitikia. Binti aliinama akawa anachambua kunde.

Nilijua. Nilikuwa nimeishika chupa mkononi, na harufu yake bado iko puani, na nilijua kabisa mtoto yule alivyokuwa siku nilipompa mama yake makopo. Ningesema sentensi moja. Nikasema, "Mungu atamjalia," nikaaga.

Kilichonitoa katika unyamavu huo ni zahanati. Nilipita kusalimia, na nesi aliponitambua kuwa ni wa lile lori aliniomba nikae. Alikuwa na kadi ya kliniki ya yule mtoto. Walikuwa wamemwita tena kwa ajili ya kupimwa. Alinionyesha mstari wa uzito. Tangu kuzaliwa ulikuwa ukipanda vizuri, mwezi wa tano ukalala, kisha ukashuka. Mkanda wa kupimia mkono ulikuwa umesoma rangi nyekundu, maana yake mzunguko wa mkono uko chini ya sentimita 11.5, na huo ni utapiamlo mkali. "Mama," aliniambia, "mtoto huyu alikuwa ananyonya vizuri kabla ya hayo maziwa yenu. Na si yeye peke yake." Hakupaza sauti. Aliniuliza kama tunakusudia kuleta mengine, na nilipomwambia hapana alinishukuru kuliko alivyonishukuru mtu yeyote kijijini pale.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba jambo hili linajulikana tangu zamani, na nilipokwenda kusoma nikakuta ni hivyo. Mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa na mafuriko yalichafua maji Botswana, nchi ambayo wakati huo serikali iliwagawia maziwa ya kopo bure akina mama wenye VVU ili kuwakinga watoto na maambukizi. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka ule viliripotiwa vifo zaidi ya 500 vya watoto wa chini ya miaka mitano kwa kuharisha. Kipindi hicho hicho cha mwaka uliotangulia vilikuwa 21. Wachunguzi waliofuatilia waliona hatari kubwa kuliko zote ilikuwa kwa watoto wasionyonya. Mwezi Mei mwaka huohuo tetemeko la ardhi lilipiga Yogyakarta, Indonesia, misaada ya maziwa ya unga ikamwagika vijijini, na watoto wadogo waliopewa waliharisha kiasi cha mara mbili ya wasiopewa. Ndiyo sababu mwongozo wa kimataifa wa kulisha watoto wachanga wakati wa majanga unasema wazi kwamba misaada ya maziwa ya kopo, chupa na chuchu isiombwe wala isipokelewe. Hapa kwetu kuna kanuni tangu 2013 zinazodhibiti hata utangazaji wa bidhaa hizo. Mimi niliomba, nikatangaza, nikapeleka, na sikumuuliza mtu hata mmoja anayehusika na lishe.

Nilirudi kwa yule binti siku iliyofuata. Nilimwambia ana kwa ana kwamba mwanawe aliugua kwa sababu ya maziwa niliyompa na maneno niliyomwambia, kwamba yeye hakukosea lolote, na kwamba jana nilijua nikanyamaza. Nilitegemea atalia, au atanifukuza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi kamwambie mama mkwe. Mimi akisikia kwangu haamini."

Nikaenda kibarazani nikapiga magoti nikamwambia bibi. Majirani waliosikia ya jana nikaomba waitwe wasikie na haya. Bibi alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza swali ambalo bado linanichoma: kwa nini nilimpa binti wa watu kitu ambacho mimi mwenyewe sijaona kikitumika kijijini. Sikuwa na jibu. Jioni ile alimruhusu mkwewe amrudishe mtoto kwenye ziwa. Nesi alimwelekeza amweke mara nyingi, usiku na mchana, hata kama hakitoki kitu, na maziwa yalirudi, si yote. Zahanati ilimwanzishia mtoto chakula dawa, ile siagi ya karanga yenye maziwa na vitamini inayotolewa kwa watoto wenye utapiamlo mkali, na ikampa zinki na ORS kila alipoharisha. Amepona. Sasa anatembea. Ni mfupi kuliko watoto aliozaliwa nao mwezi mmoja.

Lipo na kosa jingine, ambalo nadhani ni la wengi wanaopeleka misaada. Kwa wale wengine wote lori letu lilibeba unga wa sembe, mchele na maharage, kwa hesabu ya kaya. Mtoto wa miezi tisa hakuwemo katika hesabu ile. Tumbo lake ni dogo, anatakiwa alishwe mara tatu hadi nne kwa siku na vitafunwa katikati, chakula laini chenye mafuta na kitoweo. Kambini watu walikuwa wakipika mara moja, mara mbili wakijitahidi, sufuria moja, wali na maharage magumu, na mtoto anapewa maji ya juu ya maharage. Chupa moja ya mafuta, dagaa wa kusaga na karanga vingemsaidia kuliko gunia zima la sembe. Mwenzetu niliyemkemea alikuwa ameona hilo. Alikua kijijini, na mama yake alikuwa mhudumu wa afya. Nimekwisha kumwomba radhi, na safari hii nilimwomba mbele ya watu walewale.

Tena njaa ya watoto haikuja siku ile kamera zilipokuja. Ilikuja baadaye, Julai na Agosti, mahema yalipokwisha kung'olewa na malori kuacha kuja. Mbegu zilikuwa zimeliwa. Akina mama walikuwa wakiamka usiku kwenda kulima vibarua mashamba ya mbali ili wapate unga wa jioni, na watoto wakibaki na dada zao wa miaka saba, uji umepikwa alfajiri, unaliwa hadi adhuhuri ukiwa umeshaharibika. Mwezi wa tano tulikuwa na fedha ambazo tungeziweka tukazitoa mwezi wa saba kwa mbegu za mlau, jembe na chakula cha mama anayenyonyesha. Tulizimaliza zote kwa mkupuo, kwenye makopo na magunia.

Wewe unayekusanya michango kwa ajili ya mafuriko, kabla hujaandika tangazo mpigie simu afisa lishe wa halmashauri inayohusika au mganga wa zahanati ya pale, umuulize watoto wa chini ya miaka miwili wanahitaji nini. Usipokee maziwa ya kopo wala chupa, hata akileta ndugu yako. Peleka sufuria yenye mfuniko, mkaa, ndoo, dawa ya kutibu maji, mafuta, dagaa, karanga, na chakula cha ziada kwa kila mama anayenyonyesha. Kichanga aliyefiwa na mama yake, au ambaye kwa sababu ya kweli hawezi kunyonyeshwa, mfikishe kwa wataalamu: wao ndio watakaompatia maziwa kwa kipimo, kwa kikombe, na kuhakikisha hayakatiki mpaka atakapokuwa hayahitaji tena. Na fedha nyingine iache benki hadi mwezi wa saba, wakati wa mlau.